Meli Haimngoji Mtu: Namna ya Kuipima Bandari ya Kuondokea

Alfajiri ya Jumamosi, katika bandari ya Miami, Icon of the Seas hufunga kamba gatini ikiwa na watu wa kutosha kujaza mji mdogo. Meli hiyo, iliyoanza kubeba watalii Januari 2024, ina sitaha 20 na huweza kuchukua abiria zaidi ya 7,000 kila kitanda kikipata mtu. Ikifika saa nne asubuhi karibu wote wanatakiwa wawe wameshuka na masanduku yao. Vyumba vinafagiliwa, mashuka yanabadilishwa, na matani ya vyakula yanaingizwa ghalani kwa foko. Saa tano wageni wapya wanaanza kupanda, na alasiri hiyo hiyo meli inang'oa nanga. Ratiba iliyobanwa kiasi hicho haina nafasi ya mtu aliyekwama njiani. Isitoshe, sheria ya Marekani inaitaka kampuni iwe imewapelekea maofisa wa mpakani orodha kamili ya abiria dakika 60 kabla ya kuondoka, na ndiyo maana mlango wa kupandia hufungwa mapema, saa moja au moja na nusu kabla ya honi ya mwisho. Baada ya hapo tiketi iliyolipiwa miezi minane huko nyuma inakuwa karatasi tu.

Kwa sababu hiyo, swali la bandari ya kuondokea linastahili kufikiriwa kwa makini kuliko swali la chumba chenye roshani au mgahawa wa sitaha ya juu. Hata hivyo, wengi wetu huliendea kinyumenyume. Tunaanza na bei ya tiketi, kisha tunatazama bandari iliyo karibu na nyumbani, kisha tunauliza meli inakwenda wapi, na mwisho kabisa, wiki chache kabla ya safari, ndipo tunakumbuka kuuliza kama pasipoti zetu zinaruhusu. Mpangilio unaofaa ni huo huo ukipinduliwa: hati kwanza, bahari ya pili, njia ya kuifikia bandari ya tatu, na bei ndiyo ya mwisho. Kila swali katika mpangilio huu lina uwezo wa kuyafuta majibu ya maswali yanayolifuata. Bei nzuri haiwezi kumpatia mtu viza, na barabara fupi haiwezi kuisogeza Bahama karibu na New York.

Marekani ndiyo mahali pazuri pa kulichunguza jambo hili, kwa kuwa ndiko kwenye soko kubwa kuliko yote la safari hizi, na ndiko wanakoishi Waswahili wengi wa ughaibuni wanaojiuliza swali hili kila mwaka. Bandari mbili za Florida, Miami na Port Canaveral, kila moja hupitisha abiria zaidi ya milioni 7 kwa mwaka. Ukubwa huo umeletwa na jiografia, kwani visiwa vya Karibi viko karibu na jua lipo mwaka mzima. Kilichozisambaza meli hadi miji mingine ni hofu. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Wamarekani wengi walikwepa kupanda ndege, na kampuni zikaamua kuzipeleka meli nyingi zaidi kule watu wanakoweza kufika kwa gari: Galveston kule Texas, New Orleans, Tampa, Baltimore. Tangu hapo dhana ya "bandari ya karibu" imekuwa biashara kamili. Juu ya yote hayo ipo sheria ya mwaka 1886 inayozuia meli yenye bendera ya kigeni kubeba abiria kutoka bandari moja ya Marekani hadi nyingine. Meli nyingi za utalii hupeperusha bendera za Bahama, Panama au Malta, kwa hiyo kila safari inayoanza na kumalizikia Marekani hulazimika kugusa nchi ya kigeni, hata kama ni kwa saa chache za jioni.

Hapo ndipo hati zinapotangulia. Chukua safari za Alaska. Meli inayotoka Seattle husimama Victoria, Kanada, kwa ajili ya sheria hiyo ya karne ya kumi na tisa. Kwa raia wa Marekani kituo hicho ni matembezi ya jioni. Mwenye kadi ya kijani, hata akiwa na pasipoti ya Kenya au Tanzania, haihitaji viza ya Kanada, mradi awe na pasipoti yake hai na kadi yenyewe mkononi. Lakini mama aliyekuja kuwatembelea wajukuu kwa viza ya utalii ya Marekani anatakiwa awe pia na viza ya Kanada, na kwa kawaida viza yake ya Marekani iwe inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja, maana akitoka Victoria anaingia Marekani upya. Mpeleke mama huyo huyo Galveston, kwenye meli inayokwenda Cozumel, na hesabu inabadilika: Mexico humsamehe viza mgeni mwenye viza hai ya Marekani. Na kama viza yake ni ya kuingia mara moja tu, bado ipo Honolulu, ambako meli iitwayo Pride of America, yenye bendera ya Marekani, huzunguka visiwa vya Hawaii kwa siku saba bila kukanyaga nchi nyingine. Familia moja, bandari tatu, majibu matatu tofauti, na bei haijatajwa bado.

Kanuni inayotokana na mfano huo ni nyepesi: bandari ya familia huchaguliwa na mwenye hati dhaifu kuliko wote. Kwa ndugu zetu kutoka Kongo na Burundi waliopokelewa Marekani kama wakimbizi, wanaosafiri kwa hati ya mkimbizi badala ya pasipoti, tahadhari ni kubwa zaidi, kwa kuwa si kila nchi inaitambua hati hiyo, na kisiwa kimoja tu kwenye ratiba kikiikataa, kampuni ina haki ya kumzuia mtu asipande. Ulaya nako mantiki ni ile ile. Meli inayozunguka Barcelona, Marseille, Genova na Civitavecchia haitoki ndani ya eneo la Schengen, hivyo viza ya kuingia mara moja inatosha. Meli inayotoka Piraeus, bandari ya Athens, kwenda Kuşadası na kurudi imetoka Schengen na kuingia tena, kwa hiyo inataka viza ya kuingia mara nyingi, mbali na masharti ya Uturuki yenyewe. Anayeondokea Southampton kwenda kwenye mabonde ya bahari ya Norway anahitaji viza ya Uingereza na ya Schengen pia. Wahenga walisema msafiri maskini ajapokuwa sultani, na umaskini huo huonekana wazi zaidi mtu anaposimama kwenye kaunta ya bandari akiwa na tiketi ya daraja la juu na muhuri unaokosekana.

Hati zikishakubali, swali la pili ni bahari. Mtu anaponunua tiketi ya siku saba hununua muda, na bandari ndiyo inayoamua muda huo utatumikaje. Meli ya kawaida ya utalii huenda kama maili 20 za baharini kwa saa. Kutoka Miami hadi Nassau ni safari ya usiku mmoja: unalala Florida ikififia nyuma, unaamka Bahama. Kutoka New York hadi Nassau ni karibu maili 950, yaani saa 48 hivi bila kusimama, na saa nyingine kama hizo wakati wa kurudi. Kati ya siku saba, nne zinakwenda kwa maji matupu. Ikiwa ni Januari, siku ya kwanza na ya mwisho ni za baridi na upepo wa Atlantiki, hasa mbele ya Cape Hatteras, na bwawa la kuogelea la juu linabaki la kutazamwa tu. Alaska nayo ina tofauti ya namna hiyo. Meli za Vancouver hupita katika njia ya ndani, kati ya visiwa na bara, ambako maji yametulia na misitu iko pande zote mbili. Meli kubwa za Seattle kwa kawaida huzunguka nje ya Kisiwa cha Vancouver, katika bahari ya wazi inayomlevya asiyeizoea. Barafu wanayoiendea inaweza kuwa ile ile, ila safari ni mbili.

Watu wa mwambao wetu hawahitaji kufundishwa somo hili. Jahazi la Lamu au la Unguja halikuondoka kwa sababu tu gati lilikuwa karibu. Liliondoka kwa kaskazi au kwa kusi, na nahodha aliyeukosa msimu alikaa pwani hadi upepo ugeuke. Injini zimetutoa katika utumwa wa pepo, lakini hazijaufuta msimu. Kipindi cha vimbunga vya Atlantiki huanza Juni 1 na kwisha Novemba 30. Oktoba 2024 kimbunga Milton kilipoikata Florida, bandari za Tampa na Port Canaveral zilifungwa, na meli zilizotarajiwa kurudi zikabaki baharini zikingoja. Galveston ina adui wa kimya zaidi, yaani ukungu wa mwisho wa kipupwe unaoweza kuufunga mkondo wa kuingilia kwa saa nyingi, abiria wa zamu mpya wakiwa wameketi juu ya masanduku yao. Anayeondoka Septemba kwa kuwa tiketi ni nafuu anapaswa kujua unafuu huo umetokana na nini.

Mpenda bahari anaweza kupinga hapa: siku za majini ndizo hasa likizo, kwani hakuna foleni ya kushuka, hakuna duka la vinyago, kuna kitabu na upeo wa macho tu. Pingamizi hilo ni halali, nalo linaikamilisha hoja badala ya kuivunja. Mtu wa aina hiyo anafaa kuondokea New York au Southampton kwa makusudi, akijua anakwenda kununua maji. Kosa ni la yule anayetaka fukwe nne za Karibi, ana siku saba za likizo na watoto wawili, kisha anachagua New York kwa sababu anakaa New Jersey. Huyo ameijibu hoja ya njia kabla ya hoja ya bahari, naye atalipa kwa siku nne za kuwatafutia watoto michezo ndani ya meli inayoyumba.

Ndipo lije swali la tatu, la namna ya kuifikia bandari yenyewe, na hapa majina ya matangazo hudanganya. Tangazo likisema Roma, meli iko Civitavecchia, takriban kilomita 80 kutoka jijini. Likisema London, ni Southampton, kama kilomita 130. Likisema Paris, ni Le Havre, kilomita 200 hivi. Orlando ya matangazo ni Port Canaveral, karibu kilomita 70 kutoka uwanja wa ndege. Tangu Agosti 2021, Italia ilipozizuia meli kubwa kupita kwenye mfereji wa Giudecca, "Venice" ya baadhi ya ratiba imekuwa Ravenna, mji ulio mbali na Venice kwa kilomita 140 hivi. Hata Galveston inayosifiwa kwa urahisi ina viwanja viwili vya Houston vinavyotofautiana sana: Hobby uko umbali wa kilomita 60 na kitu, na ule mkubwa wa kaskazini uko zaidi ya kilomita 100, ukiwa na jiji zima la magari katikati. Barcelona, kwa upande mwingine, uwanja wake wa ndege na magati yake vinatenganishwa na safari fupi ya teksi. Kwa hiyo kilomita za kuhesabu ni zile za kutoka kwenye ndege hadi ngazi ya meli, pamoja na muda wa foleni, nauli ya usiku na umri wa anayebeba begi.

Bandari pia ina mwili, na mwili huo una vikwazo. Tampa imo ndani ya ghuba iliyovukwa na daraja la Sunshine Skyway, lenye nafasi ya mita 55 hivi juu ya maji, na meli kubwa za kisasa haziwezi kupita chini yake. Baltimore nayo ilihudumiwa na meli za wastani kwa sababu ya daraja la Francis Scott Key, mpaka usiku wa Machi 26, 2024, meli ya mizigo Dali ilipoligonga na kuliangusha, wafanyakazi sita wa barabara wakapoteza maisha. Mkondo ulifungwa papo hapo. Carnival Legend, iliyokuwa katikati ya safari, ilirudi Norfolk, Virginia, na abiria wake wakapelekwa Baltimore kwa mabasi. Msiba kama huo ni nadra. Mabadiliko ya kibiashara si nadra: Charleston, Carolina Kusini, ilimaliza mwaka 2024 bila meli ya kudumu baada ya bandari kuamua kutoendeleza mkataba. Bandari ndogo ya karibu inayotegemea meli moja au mbili haina mbadala meli hiyo ikiharibika au ikihamishwa. Miami ina meli nyingine kesho yake. Ukaribu na uhakika ni vitu viwili.

Wapo watakaosema kwamba bima na kampuni zenyewe zimekwisha kuyatatua haya. Nunua ndege na uhamisho kupitia kampuni, wanasema, na ukichelewa watakupeleka kituo kinachofuata. Kuna ukweli ndani yake, lakini una mipaka. Aliyeikosa meli Seattle hawezi tu kuruka hadi Juneau akapandia huko na kumalizia Seattle, kwa kuwa atakuwa amesafirishwa kati ya bandari mbili tofauti za Marekani, na ile sheria ya 1886 inakuja na faini ya mamia ya dola kwa kila abiria. Aliyeikosa Miami akataka kuifuata Bahama anahitaji pasipoti, ndege yenye nafasi, na ruhusa ya kampuni. Bima nayo hurudisha fedha kwa masharti yaliyoandikwa, hairudishi likizo iliyoombwa kwa bosi, na aliyezuiwa kwa kukosa viza kwa kawaida hana dai. Kinga iliyo nafuu kuliko zote ni usiku mmoja wa hoteli: kufika siku moja kabla. Gharama hiyo iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo, kwani bandari inayohitaji ndege bila usiku huo ni bahati nasibu.

Sasa bei inaweza kuzungumza. Tuwaze familia ya watu wanne ya Dallas. Kutoka hapo hadi Galveston ni mwendo wa saa tano kwa gari, basi gharama ni mafuta, maegesho ya wiki nzima na pengine usiku mmoja wa malazi. Ili waondokee Miami wanahitaji tiketi nne za ndege za kwenda na kurudi, uhamisho na hoteli. Tiketi ya Miami ikiwa nafuu kwa dola 100 kwa kila mtu, akiba ya dola 400 inamezwa na ndege kabla hawajafika uwanjani. Galveston inashinda kwa familia hiyo, ikiwa wanataka Mexico. Wakitaka visiwa vya mashariki mwa Karibi, Galveston iko mbali mno kwa wiki moja, na ushindi wa bei hauna maana tena. Halafu ipo familia ambayo kwao njia lazima itangulie bahari: mzee wa miaka 80, mgonjwa anayetumia kiti cha magurudumu, mtoto mchanga. Kwao bandari inayofikika kwa gari bila kubadilisha ndege ni haki, hata ikiwapa fukwe chache. Lakini hata wao hawawezi kuzitanguliza barabara na bei mbele ya hati.

Kwa msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam swali linaanzia mbali zaidi, kwa sababu Mombasa na Unguja hupokea meli za watalii zinazopita, na ni nadra abiria kuanzia safari hapo. Uharamia wa Somalia uliozidi miaka ya 2000 uliziogofya kampuni, na meli zilipoanza kurejea Kilindini, bandari ya Mombasa, zilirejea kama wageni wa siku moja. Bandari ambazo msomaji huyo anaweza kuzifikiria ni Durban na zile za Ghuba, zote zenye msimu kati ya Novemba na Machi. Ukitumia mpangilio wetu, Durban inaanza mbele: Watanzania, na tangu Januari 2023 Wakenya pia, huingia Afrika Kusini bila viza, na kinachobaki ni kuuliza masharti ya Msumbiji, ambako meli hizo hupenda kusimama. Dubai ina ndege nyingi za moja kwa moja na meli kubwa zaidi, lakini ratiba yake huweza kugusa nchi tatu au nne, kila moja na mlango wake, na mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu yaliyoanza mwishoni mwa 2023 yalionyesha jinsi kampuni zinavyoweza kubadili njia za meli zao kwa taarifa fupi.

Kanuni za viza hubadilika, madaraja huanguka, meli huhamishwa. Mpangilio wa maswali haubadiliki. Kabla ya kulipa hata shilingi ya amana, kaa mezani na pasipoti za wote wanaosafiri, orodha ya kila kituo cha meli, na kalenda. Soma hati dhaifu kuliko zote kwanza. Kisha hesabu usiku wa majini na mchana wa nchi kavu, kisha kilomita kutoka ndege hadi ngazi. Bandari itakayobaki baada ya hapo, iwe ya karibu au ya mbali, ndiyo yako, na bei yake ndiyo bei ya kweli ya safari.